Kiwambo Kisicho na Sauti Yake

Tarehe 19 Septemba 1919 watu wapatao 50,000 walifurika uwanja wa michezo wa San Diego, California, kumsikiliza Rais Woodrow Wilson wa Marekani. Wilson alikuwa hoi. Tangu mwanzo wa mwezi alikuwa akizunguka nchi kwa treni, mji baada ya mji, akiwasihi wananchi waunge mkono Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa wa leo. Siku hiyo hakupanda jukwaani na kupaza sauti mpaka mishipa ya shingo imtoke. Aliingia ndani ya kibanda cha kioo, akasema kwa utulivu wa mtu aliye sebuleni kwake, na maneno yakatoka nje kupitia matarumbeta makubwa yakawafikia hata waliokaa safu za nyuma kabisa.

Mtambo ule ulikuwa kazi ya Peter Jensen, Mdenmark aliyehamia Marekani, na mwenzake Edwin Pridham. Karakana yao ilikuwa Napa, mji mdogo kaskazini mwa San Francisco. Walikuwa wakijaribu kuboresha kisikilizio cha simu, wakafunga koili ya waya kwenye sahani nyembamba ya chuma, wakaitumbukiza koili hiyo katikati ya sumaku ya umeme yenye nguvu, kisha wakaweka tarumbeta la gramafoni mbele yake. Sauti iliyotoka iliwashtua wenyewe. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1915 walifunga mtambo huo kwenye jengo la serikali ya mji wa San Francisco, na makumi ya maelfu ya watu wakasikia nyimbo na hotuba. Kampuni waliyoianzisha mwaka 1917 waliipa jina la Kilatini, Magnavox, yaani sauti kuu.

Kuu ilikuwa kweli. Nzuri haikuwa. Sahani ndogo ya chuma nyuma ya tarumbeta ilipiga kelele katika sauti za kati, ikameza besi yote, na msemaji akasikika kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Kwa mkutano wa hadhara hilo lilivumilika. Kwa muziki halikuvumilika, na miaka mia moja iliyofuata imetumika kuliondoa debe hilo.

Kiswahili kina neno la kitu kilichokuwa kikiwasumbua watu hawa, nalo ni la zamani kuliko umeme. Kiwambo ni kile kilichowambwa: ngozi juu ya mzinga wa ngoma, au utando ulio ndani ya sikio ambao vitabu vya baiolojia huuita kiwambo cha sikio. Wapiga ngoma wa pwani wanaijua tabia yake bila kufundishwa darasani. Hewa ya bahari ikiingia, ngozi hulegea na ngoma hukaukiwa na sauti. Ndiyo maana kabla ya kuanza huzisogeza ngoma karibu na moto. Lakini ngoma na spika hutakiana mambo yaliyo kinyume. Msondo lazima ulie kama msondo na chapuo ilie kama chapuo. Kiwambo chenye sauti yake ndicho kiwambo chema. Spika inatakiwa ilie kama msondo, kisha kama chapuo, kisha kama bibi anayesoma taarifa ya habari, na isitie hata chembe ya sauti yake mwenyewe. Kiwambo kisicho na sauti yake ni kitu ambacho maumbile hayatoi bure.

Sababu ilionekana kwa macho zaidi ya karne moja kabla ya Wilson. Mwaka 1787 Mjerumani Ernst Chladni alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa kunyunyiza mchanga juu ya bamba la chuma na kusugua ukingo wake kwa upinde wa fidla. Bamba lilipolia, mchanga ulirukaruka ukahama, ukajikusanya kwenye mistari: nyota, miraba, duara ndani ya duara. Mistari hiyo ilikuwa sehemu zisizotikisika. Pande zake mbili zilikuwa zikienda kinyume, upande mmoja ukipanda wakati mwingine unashuka. Macho yaliona bamba moja. Kwa kweli palikuwa na vipande vingi vinavyogombana. Kila mara sauti ilipopanda, vipande viliongezeka. Kila kiwambo cha spika kilichowahi kutengenezwa kina ugomvi huu ndani yake, na kazi yote ya mbunifu ni kuuchelewesha, kuutuliza, au kuusukuma hadi mahali ambapo sikio halifiki.

Wazo la spika yenyewe lilikuja mapema mno. Mwaka 1877, mwaka mmoja tu baada ya simu ya Bell, Werner Siemens wa Berlin aliomba hataza ya mtambo wenye koili inayocheza ndani ya sumaku na kusukuma kiwambo cha ngozi ya kuandikia. Mwaka 1898 Mwingereza Oliver Lodge alipata hataza ya kitu kinachofanana nacho. Ila hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na kikuza umeme, kwa hiyo hawakuwa na nguvu ya kuisukuma koili. Mawazo yao yalikaa kwenye makaratasi mpaka valvu za redio zilipokomaa.

Ndipo tunafika Schenectady, jimbo la New York, kwenye maabara za General Electric. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wahandisi wawili wa hapo, Chester Rice na Edward Kellogg, walipewa swali ambalo kila mwenye redio alikuwa akiuliza: kwa nini sauti ni mbaya kiasi hiki? Rice alikuwa mtoto wa mtu aliyewahi kuiongoza kampuni hiyo, lakini kazi aliyoifanya haikuhitaji jina la baba. Wawili hao walijaribu karibu kila njia iliyojulikana ya kugeuza umeme kuwa sauti, wakapima, wakalinganisha, wakatupa. Kilichobaki kilikuwa koni ya karatasi.

Ukubwa wake ulikuwa kama inchi 6. Yeyote aliyenunua karanga barabarani anaijua hekima ya umbo hilo. Karatasi tupu ukiishika upande mmoja huanguka. Ikunje iwe koni, nayo husimama, hubeba karanga, wala haijaongezewa uzito hata wa punje. Kwenye shingo ya koni Rice na Kellogg waligundisha koili. Kwenye mdomo wake waliweka ukanda laini unaoiacha koni yote iende mbele na kurudi nyuma kwa wepesi.

Ukanda ule laini ndio uliobeba uvumbuzi. Waliotangulia walikuwa wakikaza viwambo vyao kama ngoma. Kiwambo kilichokazwa kina masafa yake ya asili, na masafa hayo yaliangukia katikati ya sauti ya binadamu, mahali pabaya kuliko pote, kwa hiyo kila neno lilipopita hapo lilipigiwa kelele na kiwambo chenyewe. Rice na Kellogg waligeuza mambo. Walikilegeza kiwambo mpaka masafa yake ya asili yakashuka chini ya hezi 100, karibu na sakafu ya muziki. Kuanzia hapo kwenda juu hakikutawaliwa tena na mkazo. Kilitawaliwa na uzito wake. Kitu kinachotawaliwa na uzito hupunguza mwendo wake kadiri masafa yanavyopanda, na hewa nayo huishika koni kwa nguvu zaidi kadiri masafa yanavyopanda. Upungufu wa kwanza ukafutwa na ongezeko la pili. Sauti ikatoka sawasawa, bila mlima na bila bonde, katika sehemu kubwa ya muziki. Ni hesabu nzuri sana, na uzuri wake ni kwamba hakuna kifaa kilichoongezwa. Kilichofanyika ni kuacha kukaza.

Waliona pia kwamba koni iliyo wazi hujihujumu. Inaposukuma hewa mbele inaivuta nyuma, na kwa besi hewa huzunguka ukingo tu, ikaziba pengo lake. Dawa ilikuwa ubao wenye tundu, koni ikafungwa nyuma ya tundu hilo, mbele na nyuma vikatenganishwa. Kabati la spika lilianzia hapo.

Waliwasilisha matokeo yao mbele ya chama cha wahandisi wa umeme wa Marekani mwaka 1925. Bidhaa iliyotokana nayo, Radiola 104, ilikuwa na kikuza sauti chake chenye nguvu ya wati 1 hivi, kiasi kilichoonekana kikubwa wakati huo. Iliuzwa dola 250, na kwa fedha chini kidogo ya dola 300 mtu angeweza kununua gari la Ford Model T. London, Paul Voigt alikuwa akifikia mambo yanayofanana na hayo kivyake, kwa hiyo sifa haiwaendei Wamarekani peke yao. Hata hivyo, fungua sabufa yoyote inayouzwa leo Kariakoo au River Road: koni, koili, ukingo laini, sumaku, ubao wenye tundu. Ni mchoro ule ule wa Schenectady.

Kwa nini karatasi? Rice na Kellogg waliichagua kwa kuwa ni nyepesi na hupatikana, lakini ina kipaji kingine ambacho iliwachukua wengi miaka kukithamini. Karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikana bila mpangilio. Mtetemo ukipita ndani yake, nyuzi husuguana, na sehemu ya mtetemo hugeuka joto ikafa. Gonga bati, litalia. Gonga boksi la karatasi, litasema "pu" na kunyamaza. Kiwambo kinahitaji mambo matatu kwa pamoja: wepesi ili kiitii koili, ugumu ili kisivunjike vipande kama bamba la Chladni, na uwezo wa kuunyamazisha mtetemo wake chenyewe. Karibu kila dutu inayotoa mawili hunyima la tatu. Karatasi inatoa yote matatu kwa kiasi cha wastani.

Wenye sinema walichagua njia nyingine. E. C. Wente na A. L. Thuras wa maabara za Bell walitengeneza kiwambo cha alumini chembamba mno chenye umbo la kuba, wakakifunga nyuma ya tarumbeta refu lililopigiwa hesabu. Filamu ya The Jazz Singer ilipoonyeshwa New York tarehe 6 Oktoba 1927, kumbi za sinema zilianza kuhitaji mitambo kama hiyo kwa wingi. Tangu hapo viwambo vidogo vya chuma vilijipatia makazi kwenye sauti nyembamba, na koni za karatasi zikabaki na sauti nzito.

Mwingereza Peter Walker, kwenye kiwanda chake cha Huntingdon, aliamua kutoroka ugomvi wote. Kama tatizo ni kwamba koili inasukuma koni kwenye shingo tu na mdomo unachelewa kufuata, basi kisukumwe kiwambo chote kwa wakati mmoja. Spika yake ya Quad iliyoingia sokoni mwaka 1957 haikuwa na koni wala koili. Ilikuwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, umetiwa chaji ya umeme na kuwambwa kati ya mabamba mawili yenye matundu. Umeme wa muziki ulivuta na kusukuma kila sehemu ya utando kwa pamoja. Sauti yake ya mwimbaji bado inawashangaza wanaoisikia. Gharama yake ilikuwa udhaifu: besi haikufika chini sana, kelele kubwa haikuiweza, na vumbi au unyevu uliweza kuufanya umeme uruke cheche ndani. Pwani ya Afrika Mashariki isingekuwa rafiki yake.

Mapambano marefu na ya uvumilivu zaidi yalifanyika Uingereza hiyo hiyo, ndani ya BBC.

Shirika hilo lilikuwa na tatizo ambalo duka la redio halina. Lilikuwa na vyumba vingi vya kusikilizia, katika majengo mengi, likitangaza kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwa mojawapo tangu mwaka 1957. Katika kila chumba mhandisi alikaa mbele ya spika na kuamua kama sauti inayokwenda hewani iko sawa. Kama spika ya chumba hiki inalia puani na ya chumba cha pili inalia kifuani, wahandisi wawili watarekebisha sauti ile ile kwa namna mbili, na wote watakuwa wamekosea. BBC haikutaka spika tamu. Ilitaka spika ya kweli, na ilitaka zote zifanane.

Idara yake ya utafiti ilikuwa kwenye jumba la Kingswood Warren huko Surrey. Mwaka 1946 D. E. L. Shorter alikuwa ameeleza namna ya kupima kitu ambacho vipimo vya kawaida havikionyeshi: mkia wa sauti. Kata umeme ghafla, kisha angalia spika inaendelea kulia kwa muda gani na kwa masafa gani. Kiwambo chema hunyamaza. Kibaya huendelea kunong'ona, na mnong'ono huo, uliochanganyika na kila neno linalofuata, ndio sikio linauita rangi ya sauti, hata kama msikilizaji hajui unatoka wapi.

Kando ya vipimo, wahandisi wa BBC walishikilia jaribio moja ambalo lingeeleweka kijiji chochote. Mtu alisema mwenyewe, kisha sauti yake ile ile ikatoka kwenye spika, wasikilizaji wakalinganisha. Muziki huficha makosa mengi kwa kuwa hakuna ajuaye hasa fidla ile ilisikikaje ukumbini. Sauti ya mwenzako unayekaa naye ofisini kila siku haikupotezi. Ikilia puani kidogo tu, unajua.

Karatasi ilikuwa inaanguka kwenye mtihani huu, na sababu haikuwa ubaya wake bali kigeugeu chake. Rojo la jana na rojo la leo havitoi koni moja. Karatasi hunywa unyevu na kuutoa, kwa hiyo hata koni moja haifanani na yenyewe kiangazi na masika. Mhandisi Dudley Harwood na wenzake, akiwemo Spencer Hughes, wakaanza kutafuta plastiki. Walijaribu nyingi mpaka wakafikia Bextrene, ya jamii ya polistirini. Karatasi ya plastiki hiyo ilipashwa moto ikalainika, ikafyonzwa kwa ombwe juu ya kalibu yenye umbo la koni, ikapoa ikiwa na umbo lile lile kila mara. Unyevu haukuwa na kazi nayo.

Lakini Bextrene ililia. Ugumu wake haukuja na unyamavu, na kila koni ilibidi ipakwe tabaka la gundi linalokausha mtetemo. Tabaka likiwa jepesi, koni inalia. Likiwa zito, koni inachoka kwa uzito na spika inahitaji nguvu nyingi kusema neno moja. Ukingo wa mpira nao ulichaguliwa kwa hesabu ile ile, kwa sababu wimbi linalosafiri kutoka shingoni likifika mdomoni bila kumezwa hurudi na kuparamia lile linalokuja. Harwood alieleza spika iliyotokana na kazi hii, LS5/5, kwenye jarida la Wireless World mwaka 1968. Hughes alikwenda kuanzisha kampuni yake, akaiita Spendor kwa kuunganisha jina lake, Spencer, na la mkewe, Dorothy.

Mtoto mashuhuri zaidi wa kazi hiyo alikuwa mdogo wa umbo. Magari ya kutangazia nje ya studio hayakuwa na nafasi ya spika kubwa. Idara ya utafiti ilikuwa tayari na kijispika kilichotengenezwa kwa shughuli nyingine kabisa: kupiga muziki ndani ya mifano midogo ya studio, ili kujua jengo litasikikaje kabla halijajengwa. Kwenye kijispika hicho ikatoka LS3/5A, sanduku la urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 19, lenye koni ndogo ya Bextrene kutoka KEF, kiwanda ambacho Raymond Cooke alikianzisha Kent mwaka 1961. Ripoti ya Harwood, Whatton na Mills ya Oktoba 1976 iliieleza kipande kwa kipande. Besi nzito haina, na kelele kubwa haiwezi. Mtu akiongea kupitia kwake, unamwona. Viwanda kadhaa vilipewa leseni ya kuitengeneza, na mpaka leo watu wanainunua.

Harwood alistaafu BBC na mwaka 1977 akaanzisha Harbeth, jina nalo likiwa nusu lake na nusu la mkewe, Elizabeth. Wakati huo wahandisi waliopitia BBC walikuwa wamepata plastiki isiyohitaji kupakwa chochote. Ni polipropilini, ile ile inayofumwa mifuko ya sandarusi ya kuwekea mchele. Ni nyepesi kuliko maji na humeza mtetemo wake yenyewe. Kasoro yake ni kwamba gundi nyingi hazikamati juu yake, na mafundi walisumbuka kuiunganisha na koili. Tatizo hilo lilipotatuliwa, polipropilini ilienea kwenye spika za magari na za nyumbani dunia nzima, kwa sababu ni rahisi na haiogopi maji.

Japani ilishika ncha ya pili ya mzani: ugumu. Mwaka 1974 Yamaha ilitoa NS-1000M, spika yenye makuba ya beriliamu kwa sauti za kati na za juu. Beriliamu ni nyepesi kuliko alumini, na sauti husafiri ndani yake kwa kasi ya zaidi ya mara mbili ya ile ya alumini, kwa hiyo ugomvi wa Chladni huanza mbali sana juu. Haipondwi kwa nyundo kirahisi, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Yamaha iliigeuza mvuke ndani ya ombwe na kuiacha itande juu ya kalibu kama jalidi. Wajapani wengine walikwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Sony ilitumia utando unaofumwa na bakteria wa siki kama kiwambo cha spika za masikioni. Nyuzi zake ni nyembamba mno na zimesukana kuliko nyuzi za mti wowote.

Kisha Yamaha hiyo hiyo, mwaka 1978, ikatoa kitu kilichoivuruga hadithi yote. NS-10M ilikuwa spika ndogo ya rafu kwa ajili ya nyumbani, yenye koni nyeupe ya karatasi. Haikukandamizwa kutoka kwenye rojo kama koni nyingi. Ilikuwa karatasi bapa iliyokatwa, ikakunjwa na kugundishwa kwenye mshono, sawasawa na koni ya muuza karanga. Majumbani haikupendwa, ilionekana kali mno. Watengeneza muziki wa studio ndio walioichukua, Bob Clearmountain akiwa mmoja wa waliosababisha ienee, na wengi wakawa wananing'iniza karatasi ya chooni mbele ya twita, kile kiwambo kidogo cha sauti nyembamba, kupunguza makali. Kwa miaka zaidi ya 20 karibu kila studio kubwa ilikuwa na jozi juu ya meza ya kuchanganyia.

Wataalamu waliichukulia kama ushirikina wa mafundi mitambo, mpaka ilipopimwa. Mwaka 2001 Philip Newell na Keith Holland waliwasilisha vipimo vya makumi ya spika za studio vilivyofanywa Chuo Kikuu cha Southampton. Mchoro wa masafa wa NS-10M haukuwa wa kujivunia. Mkia wake, ule ule aliokuwa akiufuata Shorter mwaka 1946, ulikuwa miongoni mwa mifupi kuliko yote. Sanduku lililozibwa na karatasi ya kukunjwa vilinyamaza upesi, hata kwenye besi, na fundi aliweza kusikia alichofanya badala ya kusikia spika. Mwaka huo huo Yamaha iliacha kuitengeneza, kwa kuwa rojo la mti wa koni zile halikupatikana tena. Mwaka 2008 kampuni ilipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa ajili yake.

Wakati karatasi ikitawala studio kimyakimya, maabara zilikuwa zimepata mchanga mpya. Mwaka 1981 Graham Bank na Gordon Hathaway wa kampuni ya spika ya Celestion, huko Ipswich, walieleza mtambo unaopitisha mwale wa leza juu ya koni inayolia na kuchora kila sehemu ilivyosogea, kwa hatua ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Michoro yake ilionyesha koni zikijikunja kama shuka linalopepea. Alichokiona Chladni kwenye bamba bapa sasa kilionekana kwenye koni yoyote, bila kuigusa. Spika yao ya SL6 ilitokana na michoro hiyo. Bowers & Wilkins, watengeneza spika wengine, nao waligeukia leza, wakiwa tayari wanatumia koni za Kevlar, uzi ambao Stephanie Kwolek aliugundua kwenye maabara za DuPont mwaka 1965 na ambao watu wanaujua zaidi kwa fulana za kuzuia risasi. Kevlar yao haikuchaguliwa kwa nguvu zake. Ilichaguliwa kwa sababu kitambaa kilichofumwa kina ugumu tofauti kwa kila pembe, hivyo wimbi linapokimbia kuelekea mdomoni halifiki pande zote kwa pamoja, na ugomvi haupangiki vizuri. Waliitumia kwa takriban miaka 40 kabla ya kuibadilisha mwaka 2015. Kwa twita za bei kubwa zaidi walikuwa wamefika kwenye almasi iliyooteshwa kiwandani, ambayo ugomvi wake huanza kwenye hezi 70,000 hivi, wakati sikio la kijana mwenye afya huishia hezi 20,000.

Na bado koni nyingi zinazotengenezwa leo ni za karatasi. Nyuzi hupondwa ndani ya maji mpaka ziwe uji, na muda wa kuponda huamua kama koni itakuwa laini au kavu. Ungo wa waya wenye umbo la koni huzamishwa, maji yakafyonzwa kwa chini, tandiko la nyuzi likabaki juu yake, kisha likakandamizwa kwa joto. Wengine huchanganya sufu, katani ya Manila au nyuzi za kaboni, wengine hupaka utomvu dhidi ya unyevu. Kila kiwanda kikubwa kina mapishi yake na hakiyasemi. Almasi ni ushindi wa kweli kwa sauti nyembamba, lakini kwa sauti ya mtu anayeongea, pale sikio lilipo na ukali wote, pengine hakuna dutu iliyoishinda karatasi kwa jumla ya sifa zake.

Msomaji aliye na spika ya zamani huenda anayo karatasi nzuri kuliko anavyodhani. Spika nyingi za miaka ya 1970 na kuendelea zilifungwa ukingo wa povu la plastiki, na povu hilo huoza kwa joto na unyevu, pwani upesi kuliko bara. Hugeuka unga, spika ikaanza kukoroma, na mwenye nayo akadhani imekufa. Kabla ya kuitupa, weka vidole vya mikono miwili pande mbili za koni na uisukume ndani polepole, sawasawa. Ikienda na kurudi bila kukwaruza, basi koili na karatasi vizima, na kinachohitajika ni fundi wa kubandika ukingo mpya, ikiwezekana wa mpira.